Chuo cha Ponty na Michezo ya Kuigiza

Wasikilizaji, katika kisiwa kidogo cha Gorée, kinachoelekea mji wa Dakar huko Senegal, palikuwapo zamani chuo cha waalimu kilichoitwa William Ponty. Wafaransa walikusanya humo vijana wa nchi walizozitawala katika Afrika ya Magharibi, wakawafundisha kwa Kifaransa.

Mwaka 1933 wanafunzi wa Dahomey, nchi iitwayo sasa Benin, waliigiza habari za mfalme wao wa zamani, Béhanzin, alipoonana na Bayol, mjumbe wa Wafaransa. Tangu hapo kazi hiyo ikakua. Wakati wa likizo kijana alirudi kwao na daftari, akawauliza wazee habari za ndoa, matanga na enzi za kale. Arudipo chuoni, yeye na wenziwe wakazigeuza kuwa mchezo. Mwaka 1937 wakaigiza hata Paris.

Lakini angalieni: mchezo ulinenwa kwa Kifaransa, na mzee aliyetoa habari asiyejua lugha hiyo asingeufahamu. Hata hivyo faida haikupotea. Kijana aliyezoea kutafuta elimu kitabuni aliketi tena mkekani kwa babu yake, akawa mwanafunzi wake. Basi, mwalimu atakaye kuanzisha mchezo shuleni mwake na aanzie hapo, ila asiisahau lugha ya mzee.