Neno moja lililoangusha wosia wa Caleb Diplock

Caleb Diplock, tajiri wa Sussex kusini mwa Uingereza, alifariki mwaka 1936. Katika wosia aliouandika mwaka 1919 aliagiza masalio ya mali yake yagawiwe taasisi za hisani, au yatumiwe kwa madhumuni mengine ya hisani au ya wema, kadiri wasimamizi wa mirathi watakavyoona inafaa. Wasimamizi walitii. Zaidi ya pauni 200,000 zikaenda kwa taasisi 139, hospitali zikiwamo. Ndipo wakajitokeza ndugu zake wa mbali wakidai kwamba agizo lile ni batili.

Hoja yao ilisimama juu ya “au” lile lililotenganisha hisani na wema. Tangu kesi ya Askofu wa Durham, iliyoamuliwa na Lord Eldon mwaka 1805, mahakama za Uingereza zimeshikilia kwamba amana ya hisani, yaani mali iliyokabidhiwa wasimamizi kwa ajili ya hisani, hulindwa na Serikali, nayo haifi kwa sababu tu maelezo yake hayakukamilika. Mtu akisema mali yake iende kwa hisani bila kutaja ipi, mahakama yenyewe itapanga matumizi. Wema, hata hivyo, ni mpana kuliko hisani ya kisheria. Kumlipia karo mtoto wa rafiki tajiri ni wema, lakini si hisani. Agizo likiruhusu wema wowote, jaji atajuaje kama msimamizi amepotoka? Laiti Diplock angeandika “na”, fedha zingebaki kwenye hisani pekee, na wosia ungesimama.

Mahakama Kuu iliupitisha wosia, Mahakama ya Rufaa ikaukataa, na mwaka 1944 majaji wa Baraza la Malodi, mahakama ya mwisho ya rufaa wakati huo, wakaubatilisha. Lord Wright peke yake alipinga. Naamini yeye ndiye aliyemsikiliza marehemu: nia ya Diplock kusaidia jamii ilikuwa wazi, na hakuwaachia ndugu wale masalio hayo.

Ndugu hawakuishia hapo. Walidai fedha kutoka kwa taasisi zilizozipokea kwa nia njema, baadhi zikiwa zimekwisha kuzitumia kujenga. Mahakama iliwataka kwanza wawabane wasimamizi. Walipomalizana nao, kiasi kilichopungua kikadaiwa kwa wapokeaji. Hospitali ya Westminster ilikuwa imepewa pauni 4,000. Kufikia mwaka 1950, kesi ilipofika tena kwa Malodi, hospitali ilikuwa imekwisha kuwa ya umma, na Wizara ya Afya ndiyo iliyoshindwa. Ilitakiwa kulipa, ila bila riba.