Nduthi ya Guka Iko Tayari? Soma Hii Kabla Hujapiga Kiki ya Kwanza

Umeitoa ushago ikiwa chini ya magunia, kuku wamelala kwa kiti miaka na miaka. Umekula githeri miezi sita ndio upate doo ya pistoni na ringi. Sasa rangi imekubali, kromu inang'aa mpaka unajiona sura, na mbogi ya mtaa ishatoa simu inangoja video. Imebaki kiki moja tu.

Tulia kwanza. Hio injini haijawahi kuzunguka tangu ifungwe. Chuma chake ndani ni kikavu, na vile utaishughulikia dakika tano za kwanza ndio vitaamua kama utaenda nayo roadi ama utarudi nayo kwa fundi.

Mimi najua juu yangu ya kwanza ilichoma picha mbele ya watu. Iliwaka kiki ya tatu, wasee wakapiga nduru, nami kichwa kikavimba, nikavuta akselereta kama niko motokrosi pale Jamhuri. Dakika nne baadaye ikaanza kulia chuma kwa chuma huko juu, nikazima. Tulipofungua tukapata silikoni, ile gundi ya gasketi, imeziba tundu la kupandisha oili. Ni mimi mwenyewe nilikuwa nimeipaka kama Blue Band kwa mkate. Roka zote mbili zilikuwa zimekwaruzika na kuwa bluu kwa joto. Ile video bado iko kwa simu ya beshte yangu, na huwa anaitoa kila krisi.

Hapa nitatumia Honda CG125 kama mfano, juu ni rahisi kuielewa na ukoo wake umejaa kila steji ya boda. Honda iliitoa mwaka wa 1976, ikilenga nchi ambazo pikipiki ni ya kutafuta unga na sevisi husahaulika. Wakaamua kuachana na kamshafti ya juu na cheni yake. Kamshafti ikawekwa chini, karibu na krankishafti, halafu valvu zinasukumwa na vijiti viwili, pushrodi. Vitu vichache vya kuharibika, vichache vya kurekebisha. Viwanda vya China vilikuja kuinakili hio injini kwa wingi, ndio maana ukifungua nduthi nyingi za kichina za 125 na 150 unapata pushrodi zilezile. Maana yake ni kwamba fundi wa boda wa mtaani kwako anaielewa nduthi ya guka hata kama alizaliwa baada yake. Lakini usidanganyike Kirinyaga Road ati spea zote ni sawa. Zinafanana kwa macho, halafu bolti moja inakataa. Beba ile ya zamani, zilinganishe hapo hapo kwa kaunta kabla hujatoa pesa.

Kama yako ni stroki mbili, tuseme Yamaha DT, stori ya oili ni tofauti kabisa, maana huko oili huungua pamoja na petroli. Toa hewa kwa pampu ya oili, na tangi la kwanza uweke petroli iliyochanganywa na oili kabisa kama bima. Mambo ya stima na kabureta hapa chini yanakuhusu vilevile.

Sasa, oili. Kwa CG, oili moja inafanya kazi tatu: injini, giaboksi na klachi. Kwa hivyo usimwage oili ya gari yenye maneno matamu ya kupunguza msuguano, juu klachi itaanza kuteleza kabla hujafika kona. Tafuta ya pikipiki, ile imeandikwa JASO MA kwa mkebe. Inaingia karibu lita 1, lakini usiamini mdomo wa mtu, amini kijiti. Simamisha nduthi wima, pangusa kijiti, kitumbukize bila kukifunga na nyuzi zake, kitoe, usome. Ukikifunga kabla ya kusoma kitakudanganya ati oili imetosha.

Halafu fahamu kwamba hii injini haina filta ya karatasi. Ina wavu mdogo chini, na kikombe kinachozunguka na krankishafti ambacho hutupa uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko. Kama fundi wako alibadilisha pistoni lakini hakufungua hicho kikombe, uchafu wa miaka yote ya guka bado umelala humo. Muulize. Akianza kuzunguka na maneno, fungua.

Kuwa na oili chini pekee haitoshi, lazima ipande. Toa plagi. Fungua kifuniko cha juu cha valvu, mwagia roka oili kidogo kwa mkono, na kijiko kimoja cha chai kwa tundu la plagi. Weka nyutro, piga kiki polepole bila haraka, mara 30, mara 40, hata 60. Bila plagi mguu hauumii, hakuna mgandamizo wa kupigana nao. Pampu ya oili huzungushwa na injini yenyewe, kwa hivyo kila kiki inapandisha oili kidogo. Angalia kule juu. Unataka kuona oili mpya ikija yenyewe, si ile uliyomwaga. Ikikataa kabisa kuja, usijiambie itakuja ikiwaka. Hapo ndipo yangu ilikufa.

Kifuniko kikiwa bado wazi, pima nafasi ya valvu. Kwa CG ni milimita 0.08 pande zote mbili, injini ikiwa baridi. Zungusha flaiwili mpaka alama ya T ilingane na alama ya pale kando, na valvu zote mbili ziwe zinacheza kidogo ukizigusa. Kama moja imebanwa, uko kwa mzunguko mwingine, zungusha mara moja zaidi. Fila geji ni bei ya chakula cha mchana, usikubali fundi apime na sikio.

Stima sasa, na hapa ndipo nduthi zilizorembwa huchezea watu. Plagi ikae na nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7. Kama yako ni ya zamani ya poinzi, hizo ziwe 0.3 hadi 0.4, na uzisafishe na karatasi safi, juu hata mafuta ya kidole yanatosha kuzuia stima. Chomeka plagi kwa kofia yake, ishikilie kwa kofia, gusisha chuma chake kwa injini mbali na tundu lenye mvuke wa petroli, piga kiki. Cheche iwe ya bluu na isikike ikilia tak. Ikiwa ya njano na legelege, haitawasha kitu.

Hakuna cheche kabisa? Kabla ununue koili mpya, jiulize: si ulipaka rangi kila mahali? Rangi haipitishi stima. Koili inarudishia stima yake kupitia bolti iliyoishika kwa fremu, na injini kupitia bolti zake, na kama kote huko umepiga rangi tatu na vanishi juu, hakuna athi. Kwaruza rangi chini ya bolti ya koili mpaka uone chuma cheupe, kaza, jaribu tena. Nimeona msee amebadilisha koili mbili na waya zote, kumbe shida ilikuwa sarafu moja ya rangi. Cheki pia swichi ya kuzima. Usicheke, inatokea.

Petroli iwe mpya, ya leo. Ile ilikuwa kwa tangi tangu guka aache kuendesha imekuwa gundi, na ndiyo huziba jeti ndogo ya kabureta, ile ya kufanya injini itulie bila kuvutwa. Jeti hio tundu lake ni dogo kama unywele. Ipulize, itazame kwenye mwanga, uone nukta ya mwanga upande wa pili. Usidunge na waya wa chuma, utalipanua na injini itakunywa petroli kama Probox ya miraa. Kama ndani ya tangi kuna kutu, usilitumie siku ya kwanza. Ning'iniza chupa ndogo yenye paipu juu ya kabureta, petroli robo lita inatosha. Na ukifungua petroli, ngoja dakika mbili ucheki kabureta haivuji. Sindano ya floti ikikwama, petroli hushuka mpaka ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Oili ikinuka petroli, imwage yote, hata kama ni ya dakika tano.

Sasa toa nduthi nje. Si kwa keja, si kwa gereji imefungwa, juu moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua mtu akiwa ameketi tu. Weka ndoo ya mchanga karibu, wa sigara ahamie mbali. Vaa viatu vya kufunga. Taimingi ikiwa mbele sana, kiki hurudi na nguvu, na nyayo ya mtu wa slipasi ndiyo hulipa. Halafu jua vile utazima. Cheki akselereta inarudi yenyewe ukiiachilia, hata usukani ukikatwa kushoto kabisa na kulia kabisa. Injini ikipiga mbio yenyewe na swichi imekataa, kanyaga breki, ingiza gia kubwa, achilia klachi. Itakufa hapo hapo.

Vuta choki, usiguse akselereta, piga kiki nzima kwa uzito wa mwili. Kwa Nairobi, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na petroli huzidi haraka kuliko Mombasa, kwa hivyo ikishika tu anza kurudisha choki. Ikikataa kiki nane hivi, acha kujichosha, toa plagi uisome. Ikiwa imelowa petroli, imezidi: funga petroli, fungua akselereta yote, piga kiki kadhaa plagi ikiwa nje na kofia yake ikiwa mbali na tundu, kisha kausha plagi urudishe. Ikiwa kavu, petroli haifiki.

Itashika. Na ikishika utaskia kitu kwa tumbo, hakuna vile naweza kukuelezea. Lakini mkono utulie. Iache izunguke haraka kidogo kuliko kawaida, usivutie watu. Moshi wa bluu dakika za kwanza ni ile oili ulimwaga kwa silinda, itaungua iishe. Ukiendelea baada ya kuendesha siku kadhaa, ringi ama sili za valvu zina maneno. Kelele ndogo ya chika-chika huko juu ni tabia ya pushrodi. Kishindo cha ko-ko-ko kutoka chini, zima, usingoje kuskia vizuri.

Dakika mbili, basi. Zima, angalia wapi panavuja, acha ipoe kabisa. Usiiache ikinguruma nusu saa ukipiga selfi. Injini hii hupozwa na upepo, na imesimama hakuna upepo. Pia ringi mpya hukaa vizuri zikipewa kazi kidogo, si zikizunguka bure.

Ya kwenda barabarani ina mambo yake. Namba ya chesi ilingane na ya logbook, na umiliki uhamishwe kwa jina lako kule NTSA. Guka kukupa kwa mdomo haimaanishi kitu kwa polisi. Bima ni lazima, helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga pia, wewe na uliyembeba. Hizo zikiwa sawa, kilomita 500 za kwanza usivute mpaka mwisho, na usiilazimishe kupanda mlima na gia kubwa ikilia. Badilisha mwendo, panda shuka.

Kilomita ya 100 hivi, rudi nyumbani injini ikiwa moto, mwaga oili yote kwa beseni jeupe na uipeleke kwenye jua. Vumbi la kumetameta kama meki-apu ni kawaida, ni ringi na gia zinazoeana. Kipande unachoweza kuokota kwa kucha si kawaida, paki mpaka ujue kimetoka wapi. Osha ule wavu wa chini, weka oili mpya, na asubuhi yake, injini ikiwa baridi, rudia kupima 0.08 ya valvu, maana gasketi mpya hukaa chini kidogo ikipata joto na ile nafasi uliyoweka siku ya kwanza huwa imehama.