Ngumi, Konde na Tano ya Kimaasai

Stejini Kitengela, makanga wakigombania abiria, tishio ni lilelile kwa lugha tofauti. Mswahili husema ngumi, Mkikuyu ngundi. Mji huu uliota juu ya malisho ya Wamaasai, ukapanuka haraka tangu viwanda vya EPZ vianze Athi River katika miaka ya 1990, na umekusanya maneno kama ulivyokusanya watu.

Kiswahili chenyewe kina zaidi ya neno moja. Konde lina ndugu Uganda, ambako ndondi huitwa ebikonde. Kwetu limepanda hadi moyoni, ndiyo maana aliyefikwa na msiba huambiwa apige moyo konde. Konzi ni ngumi inayogongwa utosini kwa vifundo vya vidole, lakini pia ni kipimo: konzi ya mchele ni kiasi kinachojaa mkono uliofumbwa.

Ulimwengu huikumbuka zaidi ngumi ya vita na ya siasa. Oktoba 1968, kwenye Olimpiki ya jijini Mexico, wanariadha wa Marekani Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi zao jukwaani kwa ajili ya haki za watu weusi. Katika michezo hiyohiyo Philip Waruinge wa Kenya alipata shaba ya ndondi pamoja na Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia mwenye ufundi bora. Miaka 20 baadaye, Seoul, Robert Wangila akaleta dhahabu.

Kajiado, kaunti ya Kitengela, ina ngumi ya zamani zaidi, nayo haimpigi mtu. Kwa desturi ya Kimaasai, atamkaye imiet, yaani tano, hufumba mkono na kupenyeza kidole gumba kati ya kidole cha shahada na cha kati. Alfred Claud Hollis, ofisa wa kikoloni, alizieleza ishara za namna hii katika kitabu chake cha 1905 kuhusu lugha na masimulizi ya Wamaasai. Huko Ulaya, wanaisimu wengi huona kwamba Faust, ngumi ya Kijerumani, imetoka shina moja na fünf, tano. Tano yetu ya Kibantu haina udugu huo na ngumi. Mmaasai naye ameuhifadhi mkononi mwake, si katika neno.

Sera ya elimu inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Basi Kajiado, mwalimu anapofundisha imiet, aifundishe pamoja na ngumi yake.