Difu Inayojifunga Yenyewe

Kila asubuhi natoka nyumbani Songea na Land Rover 109 ya marehemu baba. Kwenye kona ya kwanza difu ya nyuma hulia "ko!", nami namkumbuka.

Difu ni ya zamani. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, fundi saa, aliisajili miaka ya 1820, ili kwenye kona tairi la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani. Ila kwenye tope nguvu hukimbilia tairi linaloteleza, gari likabaki palepale. Wakati wa Vita Kuu ya Pili malori ya jeshi la Marekani yalifungwa difu ya NoSPIN, iliyokuja kujulikana kama Detroit Locker. Haina kitufe: meno yake hushika matairi yote mawili, na kwenye kona huliachia la nje.

Baba aliifunga kabla barabara ya Tunduru haijapata lami, enzi ambazo masika malori yalilala njiani. Mimi naendesha kwenye lami, mguu ukitulia kwenye mafuta katika kila kona, maana ukiachia ghafla gari hutikisika. Siitoi. Chuma hiki kilifikisha wagonjwa hospitalini.