Kinu na Kiwanda cha Wiski cha Mount Vernon

Jengo likianguka huacha mawe, na mtu akifa huacha jina. Walakini si kila jina huandikwa, wala si kila lililoandikwa husomwa. Jambo hili hudhihirika Mount Vernon, katika jimbo la Virginia, Marekani, palipokuwa na mashamba ya George Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo. Mwendo wa maili tatu hivi kutoka nyumba yake, kando ya kijito cha Dogue Run, pana kinu cha maji na kiwanda cha wiski, vyote viwili vimejengwa upya juu ya misingi ya kale.

Kinu cha asili kilijengwa mwaka 1771. Maji yaliletwa kwa mfereji yakageuza gurudumu kubwa. Gurudumu likazungusha mengine yenye meno, nayo yakazungusha jiwe la juu, ilhali jiwe la chini limetulia. Mwaka 1791 Washington alitia humo mitambo iliyobuniwa na Oliver Evans. Vikombe vidogo vilivyofungwa katika ukanda vilipandisha nafaka na unga orofani, mzigo ambao kwanza ulichukuliwa kwa migongo ya watu.

Kiwanda kilitokana na shauri la James Anderson, Mskoti aliyeshika usimamizi wa mashamba mwaka 1797. Aliona kuwa nafaka ipo, kinu kipo na maji yapo. Mwaka 1798 nyumba ya futi 75 kwa 30 ilikuwa tayari, ikiwa na mitambo mitano ya shaba ya kutoneshea pombe. Katika kila sehemu 100 za nafaka, 60 zilikuwa za rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, 35 za mahindi, na 5 za kimea cha shayiri. Unga ulikorogwa katika maji ya moto, ukaachwa uchachuke, kisha ukapikwa. Mvuke wake ukapita katika bomba lililozongwa ndani ya pipa la maji baridi, ukawa pombe kali. Machicha walilishwa nguruwe. Mwaka 1799 zilipatikana galoni karibu 11,000, zenye thamani ya dola 7,500 hivi.

Nani walikoroga, wakachochea moto na kuteka maji? Hanson, Peter, Nat, Daniel, James na Timothy: watumwa sita. Orodha ya mwaka huo ina watumwa 317. Kati yao 123 walikuwa mali ya Washington mwenyewe, naye katika wasia wake aliagiza waachwe huru mkewe atakapofariki. Washington alikufa tarehe 14 Desemba 1799, na mjane wake, Martha, aliwaacha huru tarehe 1 Januari 1801. Lakini 153 walitokana na urithi wa mume wa kwanza wa Martha, na sheria haikumpa yeyote kati yao wawili uwezo wa kuwakomboa. Wengine 41 walikuwa wamekodiwa. Hivyo wasia mmoja ulifungua mlango kwa baadhi, ukawaacha ndugu na wenzi wao nje.

Kiwanda kiliungua mwaka 1814. Jimbo la Virginia lilinunua mahali hapo mwaka 1932 na kukijenga upya kinu. Kiwanda kilichimbuliwa na wataalamu wa mambo ya kale, kikafunguliwa tena mwaka 2007. Leo nafaka husagwa humo, na wiski hutoneshwa kwa njia za kale.

Karatasi za shamba zilizohifadhi vipimo vya nafaka ndizo pia zilizohifadhi majina ya watumwa. Anayezisoma ili kupata ladha ya wiski ana wajibu wa kuzisoma ili kuwajua walioitengeneza. Kuta zaweza kusimamishwa tena kwa mawe na chokaa. Uhuru ulioondolewa haurudishwi kwa ujenzi. Linalowezekana ni haki ndogo iliyobaki: mgeni aonyeshwapo mitambo mitano ya shaba, atajiwe na watu sita.