Amri nyingi katika wimbi moja: historia ya kuwasha na kuzima vifaa vya vifaru vya mfano

Kifaru cha mfano kinachoongozwa kwa redio, yaani kile kinachoundwa kwa kupunguza vipimo vya kifaru halisi cha kivita, hutarajiwa kuwasha taa, kutoa moshi, kunguruma na kufyatua mzinga, mbali na kwenda na kugeuka. Na kwa kuwa chaneli za redio, yaani njia za kupitishia amri, huwa chache kuliko vifaa hivyo, historia yake ni historia ya kutafuta namna ya kupitisha amri nyingi katika njia chache.

Chimbuko lake ni mashua ndogo ambayo Nikola Tesla aliionyesha Madison Square Garden, New York, mwaka 1898, mwaka ule ule alioipatia hataza. Kipokezi chake kiliweza kutambua jambo moja tu, kwamba wimbi limefika, na kila lilipofika, gurudumu lenye viunganishi vya umeme lilisogea hatua moja na kubadilisha mikondo iliyoendesha injini na usukani.

Njia hiyo ya hatua kwa hatua iliwafikia waundaji wa modeli katika miaka ya 1930. Ndege ya mfano iitwayo Guff, iliyorushwa mwaka 1937 na mapacha wa Marekani Walter na William Good, ilitumia sumaku ya umeme iliyoachia kizuizi ili mpira uliosokotwa uzungushe usukani hadi nafasi iliyofuata. Udhaifu wake ulikuwa katika mfuatano: mwendeshaji alilazimika kukumbuka amri ya mwisho, na mpigo mmoja ukipotea, hesabu yote iliyofuata ilivurugika.

Kwa upande wa jeshi, Umoja wa Kisovieti uligeuza vifaru vya T-26 kuwa TT-26, vilivyoongozwa kwa redio kutoka kifaru kingine na kutumiwa katika vita dhidi ya Finland mwaka 1939 na 1940. Humo amri hazikuhusu mwendo pekee, bali pia kutema moto na kutandaza moshi.

Mageuzi makubwa yalikuja katika miaka ya 1960, mitambo ya sevo ilipoenea. Sevo ni mota ndogo inayosoma urefu wa mpigo wa umeme, ambao kwa kawaida huwa kati ya milisekunde 1 na 2 na hurudiwa takriban mara 50 kwa sekunde, hivyo mpigo uliopotea hufidiwa na ule unaofuata. Waundaji waliifanya sevo isukume swichi ndogo iliyofungwa kando yake. Baadaye saketi za kielektroniki zilichukua nafasi hiyo, zikilinganisha urefu wa mpigo na kikomo kilichowekwa, ambacho kikivukwa, transista huruhusu mkondo wa betri kufika kwenye taa au mota ya moshi.

Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kifaru cha redio cha M4 Sherman, kwa kipimo cha 1:16, mwaka 1974, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 vifaru vyake vya kipimo hicho vilikuwa na kisanduku cha kielektroniki kilichounganisha mwendo, sauti, taa na mrudio wa mzinga kwa chaneli 4 tu. Mitambo ya aina hiyo huweza kuipa fimbo moja ya rimoti kazi zaidi ya moja, kutegemea umbali au muda wa kusukumwa kwake, na mara nyingi msukumo unaowasha taa ndio huo huo unaoizima unaporudiwa.

Kwa hiyo mfuatano wa Tesla na wa mapacha Good haukutoweka. Ulirudi ukiwa na tofauti moja ya msingi: mapigo yanayorudiwa huiwezesha kompyuta ndogo ndani ya kifaru kuitambua amri kwa uhakika, na kumbukumbu ya kilichowashwa na kilichozimwa, ambayo zamani ilikuwa mzigo wa mwendeshaji, sasa hubebwa na kifaru chenyewe.