Hema la turubai kwa familia: jinsi ya kulichagua, kulisimamisha na kulitunza

Msikilizaji, hema si kitu cha watalii peke yao. Huku Ngenge na kwingineko wilayani Muleba, familia hulala nje ya nyumba kwa sababu nyingi. Wapo wanaohamia bondeni kulinda mpunga usiliwe na ndege. Wapo wanaoezua nyumba ya zamani na kusubiri mpya ikamilike. Siku hizi wapo pia wanaokwenda na watoto kuona wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019.

Tena hatujasahau tarehe 10 Septemba 2016. Tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliua watu, likapasua na kubomoa nyumba nyingi mkoani Kagera. Familia nyingi zililala nje, na mvua za vuli ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. Aliyekuwa na turubai zuri alijua thamani yake.

Makala hii inaeleza hema kubwa la turubai la pamba, lile la duara lenye nguzo moja katikati. Ukiliona utakumbuka nyumba ya msonge, mushonge ya Wahaya: paa linashuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Kwa hiyo tutaliita hema la msonge.

Pamba au plastiki?

Turubai la plastiki ni jepesi, la bei nafuu na halipitishi maji. Lakini halipumui. Mchana huwa kama tanuri, na usiku pumzi za watu hugeuka matone yanayodondokea blanketi. Jua likilipiga miezi kadhaa, linakauka na kupasuka.

Turubai la pamba, au pamba iliyochanganywa na poliesta, hupitisha hewa. Mvua ikinyesha nyuzi zake huvimba na kuziba matundu madogo. Likitunzwa hudumu miaka mingi, na likichanika fundi anayeshona maturubai ya malori analiweza. Ubaya wake ni uzito na bei. Hema la upana wa mita 4 linaweza kufika kilo 20 au zaidi, kwa hiyo si la kubeba begani kwenda mbali.

Kwa hema la siku mbili tatu kwa mwaka, plastiki inatosha. Kwa wiki nyingi shambani, au kwa akiba ya dharura, pamba ndiyo inayolipa.

Mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha

*Ukubwa.* Hema la mita 4 lina sakafu ya takriban mita za mraba 12 na nusu. Linawatosha baba, mama na watoto wawili pamoja na mizigo. La mita 5 lina karibu mita za mraba 20, linatosha watu sita. Kumbuka kwamba pembeni paa liko chini, huwezi kusimama.

*Uzito wa kitambaa.* Uliza gramu kwa kila mita ya mraba. Kati ya 285 na 360 ni kitambaa kizuri. Chini ya hapo kitachoka mapema.

*Mishono.* Iwe miwili sambamba, hasa kileleni na kwenye pembe zinapofungwa kamba. Hapo ndipo nguvu yote ya upepo inapoishia.

*Sakafu.* Iwe ya plastiki nzito, iliyopanda kidogo ukutani kama beseni, ili maji yanayotiririka yasiingie.

*Matundu ya hewa.* Yawepo juu karibu na kilele na chini ukutani, yote yakiwa na wavu wa kuzuia mbu. Hema lisilo na matundu ya juu liache dukani.

Wapi pa kulisimamisha

Tafuta mwinuko mdogo wenye ardhi tambarare. Usidanganywe na nyasi laini za bondeni: mvua moja ya usiku inageuza mahali hapo kuwa jaruba. Udongo wa mfinyanzi ukilowa huachia vigingi, kwa hiyo huko tumia vigingi virefu zaidi.

Usikae chini ya mti mkavu wala mti uliosimama peke yake. Ukanda huu wa Ziwa Victoria una radi nyingi, na hema halizuii radi. Ukisikia ngurumo zinakaribia, hamishia familia kwenye nyumba imara au ndani ya gari lililofungwa.

Ukiwa karibu na Ziwa Burigi, kaa mbali na ukingo wa maji. Kuna viboko na mamba. Kiboko hutoka usiku kula majani na hurudi kwa njia yake ileile. Aliyeweka hema kwenye njia hiyo amejiweka hatarini. Ndani ya hifadhi, lala tu katika eneo ulilopangiwa na askari wa uhifadhi.

Kulisimamisha hatua kwa hatua

1. Safisha mawe na visiki. Hema la mita 5 linahitaji nafasi ya mita 8 kila upande kwa sababu ya kamba.
2. Tandaza sakafu, funga zipu ya mlango, kisha pigilia vigingi vya chini kuzunguka. Zipu ikiwa wazi, mlango hautafunga vizuri baadaye.
3. Ingia ndani na nguzo, isimamishe katikati. Kisha weka nguzo ya mlangoni.
4. Funga kamba za nje mbilimbili zinazotazamana, ili hema lisivutwe upande mmoja. Kigingi kilale, kichwa chake kikielekea mbali na hema.

Hema jipya la pamba lisimamishe nyumbani kwanza, ulimwagie maji yote, uliache likauke kabisa. Rudia mara mbili au tatu. Nyuzi zitavimba na kuziba matundu ya sindano. Ukiruka hatua hii, mvua ya kwanza itavuja na utadhani umeuziwa kitu kibovu.

Mvua ikikaribia, legeza kidogo kamba za katani au pamba, kwani zikilowa hukaza na kung'oa vigingi. Waambie watoto wasiegemee turubai likiwa limelowa, maana panapoguswa maji hupenya.

Jiko lisiingie ndani

Hili tunalisema kwa msisitizo. Usiku wa mvua ni wa baridi, na kishawishi cha kuingiza jiko la mkaa ili watoto wapate joto ni kikubwa. Usifanye hivyo, hata kama mkaa umebaki makaa tu, hata kama mlango uko nusu wazi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki. Turubai lililolowa hupitisha hewa kidogo zaidi, na usiku wa baridi watu hufunga kila kitundu.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Wakizipata watu wawili au zaidi kwa pamoja, toeni kila mtu nje mara moja na muwahi kituo cha afya. Pikia nje, mahali ambapo upepo haurushi cheche kwenye hema. Kwa joto tumia blanketi, na godoro lisigusane na sakafu: weka mkeka au majani makavu chini yake. Kwa mwanga tumia taa ya sola, si kibatari.

Mbu

Wavu wa mlangoni hautoshi, kwa sababu mlango hufunguliwa kila mara. Funga kamba kwenye nguzo ya kati, tundika chandarua chenye dawa. Hapa Muleba ndipo ulipofanyika utafiti, matokeo yakachapishwa mwaka 2018, ulioonyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO hukinga malaria kuliko vya kawaida pale mbu walipozoea dawa. Ukipewa chandarua cha aina hiyo, kisibaki nyumbani familia inapohamia bondeni.

Kulitunza

Adui mkubwa wa turubai la pamba ni kukunjwa likiwa bichi. Ndani ya siku mbili tatu huanza ukungu, madoa meusi yasiyotoka, na kitambaa huoza. Ikibidi uondoke mvua inanyesha, likunje hivyohivyo, lakini ukifika nyumbani litandaze siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi.

Lisugue kwa maji matupu na brashi laini. Sabuni huondoa dawa inayozuia maji. Likikauka hadi kwenye mishono, lihifadhi juu ya kichanja au lining'inize darini. Ukiliacha sakafuni, mchwa na panya watalimaliza.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, litoe, hesabu vigingi, kagua kamba na zipu. Dharura ikija usiku, hutakuwa na muda wa kutafuta kigingi kilichopotea.